Bedford la Urithi
General Motors iliuza kiwanda chake cha malori ya Bedford, Uingereza, mwaka 1987. Mnunuzi naye akafilisika mwaka 1992. Basi mwenye Bedford la urithi asiende dukani na jina la gari tu. Yapo yenye injini ya dizeli ya inchi 300 za ujazo, na yapo ya 330. Anakili namba ya injini, achukue na kipuri kibovu. Springi yaweza kutolewa kwenye gari jingine. Mipira ya silinda za breki, la. Hiyo inunuliwe mipya kabla ya Oktoba, korosho zianzapo kuteremshwa kutoka Newala. Inasikitisha kuona lori lenye rangi mpya likizuiwa kwa jiwe, na utingo ndiye alishikaye.