Soma Sarafu Kabla Hujaiuza

Leo tuanze kwa kitendawili, ili na watoto wasogee karibu. Nimezunguka nchi nzima, nimelala katika mifuko ya watu elfu, wala sina miguu. Nani huyo? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Jibu ni sarafu.

Kuhesabu sarafu tunajua sote, hata mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi. Kuisoma ndiko kunakotushinda. Na hapa Itigi, kama katika vijiji vingine vilivyo kandokando ya reli, mtu asiyejua kusoma sarafu huweza kupoteza ng'ombe wake kwa ajili ya kipande cha shaba. Sababu yake mtaiona mbele.

Huko Marekani, tangu mwaka 2000, umezuka mchezo mmoja. Mtu huficha kopo porini au chini ya daraja, kisha huwatangazia wenzake mahali lilipo kwa namba zinazopatikana kwa msaada wa satelaiti. Wenzake hulitafuta mpaka walione. Katika makopo hayo watu hutia sarafu za namna ya pekee. Hazinunui hata kiberiti. Lakini kila moja ina namba yake, na kila anayeipata huandika ameipata wapi, kisha huipeleka kwenye kopo jingine. Hivyo sarafu husafiri toka nchi hata nchi, na safari yake yote hujulikana. Tena wachoraji wake hupenda kuficha mafumbo katika michoro, na mwenye kuipata hukaa kitako akiyafumbua. Mchezo huo sasa umeenea duniani.

Msidhani kwamba sisi hatuna kitu cha namna hiyo. Fumbo la kwanza huenda limo mfukoni mwenu sasa hivi. Toa shilingi mia tano ya sarafu, ile iliyoanza kutumika mwaka 2014. Upande mmoja ina sura ya hayati Mzee Abeid Amani Karume, na upande wa pili ina nyati. Ishike penye mwanga, uigeuzegeuze polepole, ukitazama vizuri karibu na yule nyati. Utaona namba 500 ikijitokeza. Ukiinamisha tena, inapotea, na mahali pake zinakuja herufi BOT, ambazo ni alama ya Benki Kuu ya Tanzania. Mafundi waliiweka hivyo makusudi, ili wenye kughushi wapate taabu kuiiga.

Sasa tufungue kibweta cha bibi. Katika nyumba nyingi bado zimo zile senti kumi za Mwingereza zenye tundu katikati, ambazo wazee walizitunga katika uzi. Tafuteni iliyoandikwa mwaka 1936, msome jina la mfalme. Nyingine mtaona zimeandikwa EDWARDVS VIII. Mfalme huyo hakutimiza hata mwaka mmoja. Alianza kutawala mwezi wa Januari 1936, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule akajiuzulu, kabla hajavikwa taji. Huko kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikupata kutolewa zitumike. Lakini sarafu zetu za tundu hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mtu. Zilikuwa na taji na jina tu, kwa hiyo zilikwisha pigwa mapema. Ndiyo maana jina la mfalme ambaye watu wake hawakumwona katika sarafu zao lilifungwa katika pindo za kanga za mama zetu.

Fumbo jingine limo katika shilingi yenye simba. Chukueni ya mwaka 1946 na ya mwaka 1948, mziweke pamoja. Mfalme ni yule yule, Joji wa Sita. Lakini ile ya kwanza, baada ya neno REX, ambalo wazee waliozoea Misa ya Kilatini wanajua kuwa ni mfalme, ina maneno ET IND. IMP., yaani "na mfalme mkuu wa Bara Hindi". Katika ya pili maneno hayo hayamo. Yamekwenda wapi? Jibu ni kwamba mwaka 1947 Bara Hindi ilipata uhuru. Nchi kubwa ilitoka mikononi mwa mfalme, na habari hiyo ikatufikia sisi katika shilingi ya kununulia mahindi.

Tufike sasa katika fumbo lililo karibu nasi zaidi. Mkipanda treni hapa Itigi kuelekea magharibi, mtafika Tabora. Wadachi, yaani Wajerumani, walifikisha reli Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo vita ikaanza. Meli za Waingereza zikaziba bahari, na sarafu kutoka Ulaya hazikuja tena. Askari wanataka mshahara, wachukuzi wanataka ujira, na fedha hakuna. Basi mwaka 1916 Wadachi wakapiga sarafu zao wenyewe huko Tabora, katika karakana ya reli. Shaba nyeupe na shaba nyekundu zilipatikana kwa kuyeyusha vyuma vikuukuu, na hata maganda ya risasi na mizinga.

Sarafu hizo mtazijua kwa herufi moja ndogo: T, yaani Tabora. Zile za zamani zilizotoka Ulaya zina A kama zilipigwa Berlin, au J kama zilipigwa Hamburg. Basi mkiona senti ya Mdachi iliyoandikwa 20 Heller, mwaka 1916, yenye T chini, jueni kwamba ilizaliwa katika nchi yetu. Na hilo neno Heller ndilo mama wa neno letu "hela". Mdachi alikwenda zake, hela zake zikabaki midomoni mwetu.

Lakini fumbo halijaisha. Zilipigwa kwa haraka, kwa mihuri zaidi ya mmoja, kwa hiyo hazifanani zote. Nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo. Tazameni pia zile L mbili katika neno Heller. Katika nyingine ncha zake zimechongoka, katika nyingine zimekunjwa kama mkia wa mbwa. Wakusanyaji wa Ulaya huzipanga kwa tofauti hizo, na mtoto mwenye macho mazuri aweza kuzipanga vile vile hapa Itigi.

Karakana ile ile ilipiga na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Ina picha ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huko Iramba, katika mkoa wetu huu wa Singida. Zilipigwa 16,198 tu. Hizo nazo zina fumbo. Upande wa tai kuna pambo lililopindapinda, na ncha yake ya kulia katika nyingine inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine chini ya A ya kwanza. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na kazi ile ikawa imekwisha.

Sasa nakuja kwenye lile nililowaahidi. Kutokana na hadithi hizi za kweli zimezaliwa hadithi za uongo. Huja mtu kijijini, amevaa vizuri, anasema anatafuta "rupia za Mjerumani", na kwamba moja yake ni mamilioni. Au huja na yake, anasema tajiri yuko mjini anaingojea, ila yeye ana haraka, kwa hiyo atakuuzia kwa bei ya ng'ombe wawili. Wengine husema rupia ina nguvu za ajabu. Wengine huwashawishi vijana kuchimba usiku kwenye maboma ya kale, kwenye misingi ya nyumba za reli, na hata penye makaburi. Baba wa nyumba anauza mifugo, ada ya shule ya mtoto inakwenda, na yule tajiri wa mjini haonekani.

Tumpime mtu huyo kwa hesabu. Rupia ya kawaida ya Mdachi ni ya fedha, madini yale meupe. Uzito wake ni gramu 11.66, na fedha tupu iliyomo haifiki gramu 11. Zipeleke kilo nzima kwenye mzani, utapata rupia 85 hivi. Kama kweli kila moja ingekuwa na thamani ya mamilioni, huyo mwenye kuziuza angekuja kwako kwa baiskeli? Na ile ya tembo, ya dhahabu, ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ndiyo dhahabu. Hiyo ni adimu, nayo wakusanyaji hulipa bei kubwa kweli. Kwa sababu hiyo hiyo wenye kuighushi ni wengi. Wala fedha, wala dhahabu, wala shaba haivutwi na sumaku. Rupia ikirukia sumaku iliyotoka katika redio mbovu, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi. Isiporuka bado si ushahidi kwamba ni halali. Ipime kwenye mzani, kisha uisome. Na zile za 20 Heller za shaba, msizifanyie ndoto. Zilipigwa nyingi, na bei yake ni ndogo.

Lakini fedha siyo hasara pekee. Hapo kale masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba. Upande mmoja waliandika jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtumainia Mungu, yenye kina kimoja na jina lile, kama ubeti wa shairi. Mwaka hawakuandika. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizitia katika kopo, akakaa nazo miaka mingi. Mwaka 1979 alizipeleka zichunguzwe, na kumbe tano kati yake zilikuwa za Kilwa! Ng'ambo ya bahari yote ya Hindi! Zilifikaje huko? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Nao wana la kubishania kwa sababu moja tu, kwamba yule askari alikumbuka mahali alipoziokota. Kama angeziuza sokoni bila neno, zingekuwa vipande vya shaba tu.

Hapo ndipo penye maana ya somo letu. Nusu ya maneno ya sarafu yameandikwa juu yake, na nusu ya pili ni mahali ilipokutwa. Anayechimba usiku na kuuza kwa siri huing'oa ile nusu ya pili, wala hairudi tena. Wale wachezaji wa Marekani huandika safari ya sarafu zisizonunua kitu. Je, sisi tutazitupa habari za sarafu zilizolipa mshahara wa babu zetu?

Basi fanyeni hivi. Mkipata sarafu ya kale shambani au katika sanduku la marehemu, msiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Ikisuguliwa michoro yake hufutika, na mkusanyaji hulipa kidogo zaidi. Ifungeni katika karatasi, na juu ya karatasi andikeni siku, mahali ilipoonekana, na nani aliyeiona. Kama ilikuwa ya babu, andikeni jina lake na kazi aliyofanya. Tena jueni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Kitu cha namna hiyo, kama sarafu ya Kilwa, ni lazima kutoa habari zake serikalini, na kuvichimba pasipo kibali ni kosa. Na akija yule mgeni mwenye haraka, mwambieni aketi kwanza, asome sarafu yake mbele ya watu mchana kweupe: mwaka gani, herufi gani, uzito gani. Mwongo hapendi mzani, wala hapendi mashahidi.

Na sasa fumbo la watoto kwa juma hili. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa sarafu zake za kwanza, zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja. Upande wa pili, moja ina samaki, moja ina mbuni, moja ina sungura, na moja ina mkono ulioshika mwenge. Ni ipi ya senti 5, ipi ya senti 20, ipi ya senti 50, na ipi ya shilingi? Msibahatishe. Nendeni kwa bibi, mkamwombe afungue kibweta chake, na akiisha kuwaonyesha, mwulizeni kila moja ilinunua nini siku zile. Majibu ya bibi yaandikeni. Hayo hayapatikani juu ya sarafu yo yote.