Draiva za USB: Anayezitumia Naye Azitunze

Upande wa kisiwani, kabla hujafika lango la feri ya Likoni, kibanda cha vifaa vya simu na saiba ni majirani. Kibandani huuzwa chaja, memori kadi na adapta ndogo za Wi-Fi za kuchomeka kwenye tundu la USB. Huko saiba, mmoja anajaziwa ritani za KRA kabla ya 30 Juni, mwingine anaomba cheti kwenye eCitizen. Kompyuta ya mtumba isiyo na Wi-Fi ya ndani hufanya kazi hiyo kwa kutegemea adapta ya aina hiyo, au simu iliyounganishwa kwa waya. Intaneti ikigoma, lawama humwendea mwenye mtandao. Lakini kuna wakati kasoro iko papo hapo mezani, kwenye draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa.

Mombasa tumezoea kujivunia nyaya za intaneti za baharini. TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Lakini hatua ya mwisho kabisa ya safari ya data, kutoka tundu la USB hadi ndani ya kompyuta, haizungumzwi, nayo iko mikononi mwa watu wachache.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta nyingi kuukuu haziruhusiwi kupanda hadi Windows 11, na kimbilio la bei nafuu ni Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Katika Linux, draiva nyingi hukaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo. Msanidi akibadilisha sehemu moja ya kiini, hulazimika kurekebisha na draiva zinazoguswa. Draiva iliyobaki nje, ile ya kupakuliwa kwa mtengenezaji, haina ulinzi huo. Leo inafanya kazi, kesho kerneli ikisasishwa inakufa.

Chukua adapta ya TP-Link iitwayo TL-WN722N. Toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux imeifahamu kwa miaka mingi. Toleo la pili lina umbo lilelile na jina lilelile, ila ndani mna chipu ya Realtek, RTL8188EUS. Ukiiuliza kompyuta kwa amri ya lsusb, la kwanza hujibu 0cf3:9271, la pili 2357:010c. Mnunuzi hazioni namba hizo dukani. Tangu 2013, draiva ya chipu hiyo ya pili ilikaa katika sehemu ya kerneli iliyotengewa msimbo ambao haujakomaa, hadi ilipoondolewa 2023 na kazi yake kuchukuliwa na draiva nyingine, rtl8xxxu.

Aliyeiingiza draiva ile ya awali mwaka 2013 ni Larry Finger, Mmarekani aliyetumia miaka yake ya uzeeni kuzifanya chipu za Wi-Fi zikubaliane na Linux, kwa kujitolea. Alifariki Juni 2024. Watu wasiohesabika wameingia mtandaoni kwa jasho lake bila kulijua jina lake. Ni kazi ya heshima kubwa, na papo hapo ni onyo kwamba huduma ya umma ilikuwa imeegemea nia njema ya mzee mmoja.

Ndipo linapokuja swali linalowagawa wasanidi wenyewe: draiva za vifaa vya zamani zibaki au zitolewe?

Wanaotaka zitolewe wana hoja nzito. Kerneli ina orodha ya watunzaji, na baadhi ya draiva zimeandikwa humo kuwa ni yatima. Msimbo usio na msomaji huficha mashimo. Mwaka 2017 mtafiti Andrey Konovalov alizijaribu draiva za USB kwa data mbovu iliyotengenezwa kwa makusudi, akafichua kasoro nyingi. Mwaka 2023 draiva kadhaa za Wi-Fi zilizozeeka, ikiwemo zd1201 ya USB, ziliondolewa. Sioni dhuluma hapo.

RNDIS ni habari nyingine. Hii ni itifaki ya Microsoft ambayo simu nyingi za Android hutumia kuipa kompyuta intaneti kwa waya wa USB. Novemba 2022 Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa USB katika kerneli, alipendekeza draiva za RNDIS zizimwe, kwa sababu itifaki yenyewe haina kinga dhidi ya kifaa chenye hila. Kuhusu usalama alisema kweli. Waliompinga walikumbusha kwamba simu zinaitegemea, na pendekezo halikupita wakati ule. Nao walisema kweli: kwa mtu mwenye simu moja, waya mmoja na bando la siku, kuizima RNDIS kabla simu yake haijaweza kutumia itifaki iliyo salama zaidi ni kumkatia intaneti.

Kwa hiyo kipimo kisiwe umri wa kifaa. Kiwe mambo mawili: je, kinatumika, na je, yupo wa kukijibia? Swali la kwanza linatuhusu sisi moja kwa moja. Msanidi aliye Ujerumani au Marekani hakioni kibanda cha Feri. Anachokiona ni ripoti za hitilafu, na pasipo ripoti ataamini hakuna mtumiaji. Ukimya wetu unahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Wengine watasema ni jukumu la watengenezaji, nami nakubali kwa sehemu. Realtek leo ina mhandisi anayetunza draiva ya rtw88 ndani ya kerneli yenyewe, na huo ndio mwendo unaofaa. Ulaya imepitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali, ambayo majukumu yake makuu yataanza Desemba 2027 na itawabana watengenezaji kutoa masasisho ya usalama. Hapa Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha vifaa vya redio kabla havijauzwa. Iongeze sharti moja: boksi litaje chipu iliyomo, na mwagizaji aeleze draiva yake iko ndani ya kerneli au nje. Kaunti nayo, inaponunulia shule na ofisi kompyuta, ikatae adapta ambayo draiva yake iko nje.

Lakini sheria haijaribu kifaa; watu ndio hujaribu. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na kabla ya hapo hutolewa matoleo ya majaribio karibu kila wiki. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, au vijana wa kituo cha Swahilipot kule Mji wa Kale, wakikusanya adapta kumi za aina zinazouzwa Feri, wakazichomeka kwa kila toleo la majaribio na kutuma matokeo, kasoro itanaswa kabla haijamfikia mwenye saiba. Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, walichokithibitisha huandikwa jina la aliyekijaribu, nalo hubaki katika historia ya kerneli daima. Hiyo ni elimu ambayo mtihani hautoi, na gharama yake iko ndani ya uwezo wa chuo chochote.

Programu huria haina mwenye mali wa kumsubiri. Anayeitumia kila siku bila kuripoti, bila kujaribu na bila kuchangia, amewaachia wengine waamue kifaa chake kiishi au kife. Mombasa tuna vifaa, tuna vijana na tuna haja. Tuanze kuhesabika.