Barua ya Wazi kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia kuhusu Utafiti wa Uzamivu katika Uonaji wa Rangi na Picha za Kidijitali

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Barua hii inaiomba Tume itenge, katika ufadhili wake wa shahada ya uzamivu, nafasi chache za kudumu za utafiti wa jinsi binadamu anavyoona rangi na jinsi rangi hizo zinavyonaswa na kuoneshwa na vyombo vya kidijitali. Ombi hili laweza kudhaniwa kuwa la anasa, ingawa linaihusu hospitali kabla halijaihusu studio ya filamu.

Jicho hutambua rangi kwa aina tatu za seli ziitwazo koni, zilizomo kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kila aina huitikia zaidi sehemu yake ya mwanga huo. Kwa kuwa ubongo hupokea majibu hayo matatu tu, kioo cha simu hakihitaji kutoa upya mwanga halisi wa embe bivu. Huchanganya nyekundu, kijani na buluu kwa kadiri itakayoziamsha koni vilevile. Kadiri hiyo ilitafutwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920, ambako W. D. Wright aliwapima watu 10 na John Guild watu 7, na kutokana na watu hao 17 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza (CIE) ilitangaza mwaka 1931 “mtazamaji sanifu”, yaani jicho la wastani ambalo hadi leo ni msingi wa vipimo vya rangi vya skrini na kamera.

Isingekuwa haki kuvibeza vipimo hivyo kwa sababu tu vilitokana na watu wachache wa nchi moja, kwani vimefanya kazi kwa karibu karne nzima, na tofauti kati ya jicho na jicho hutokana kwa sehemu kubwa na urithi na umri, maana lenzi huingia umanjano kadiri mtu anavyozeeka. Kasoro kubwa zaidi imo katika hatua inayofuata, pale mtengenezaji anapoamua ngozi ionekane vipi ndipo picha ihesabike kuwa nzuri. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, na kwa maelezo ya mtafiti Lorna Roth, malalamiko yaliyochangia kuboreshwa kwa rangi za kahawia yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na samani, si ya watu waliotoka kwenye picha wakiwa weusi tititi wasio na sura. Upendeleo wa aina hiyo umeonekana hata kwenye programu za kompyuta: mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionesha kuwa programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8.

Kasoro hiyo huigusa na tiba. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kikanda kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi. Wekundu wa uvimbe, ulio dhahiri kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea, na kamera inayojiamulia kung’arisha ngozi yaweza kuificha dalili ambayo daktari aliye mbali anaitafuta kwenye picha aliyotumiwa. Ugumu huongezeka pale mama mweusi na mtoto wake mwenye ualbino wanapopigwa picha moja, kwa maana kipimo cha mwanga kinachomfaa mmoja humharibu mwingine.

Kazi hii haidai mitambo ya mabilioni. Inadai chumba kinachoweza kutiwa giza, spektromita, yaani chombo kinachopima mwanga wimbi kwa wimbi, watu wa kupimwa walioridhia, na mwanafunzi asiyelazimika kufundisha shule tatu ili ale. Kila mtafiti apewe wasimamizi wawili, mmoja wa fizikia au kompyuta na mwingine wa tiba ya macho au ngozi, na vipimo vitakavyopatikana vibaki mikononi mwa taasisi za nchini, kwa sababu kampuni za simu zitavihitaji na ni vema zije kuviomba.

Tume inaombwa ieleze hadharani iwapo mwito wake ujao wa maombi ya ufadhili utaitaja fani hii kwa jina.