Taa za Atomium na giza la Shinkolobwe

Kila jioni mjini Bruxelles, giza linapoingia, mipira tisa mikubwa ya Atomium inaanza kuwaka. Taa ndogo za LED zilizopangwa kwa mistari juu ya kila mpira zinawaka na kuzimika, kana kwamba kuna kitu kinachokimbia juu ya chuma. Watalii wa Heysel, wengine wakitoka katika bustani ya Mini-Europe iliyo pembeni, wanatoa simu na kupiga picha. Ni wachache wanaojua kwamba historia ya mnara huo inapitia Katanga.

Atomium ilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka 1958. Ilibuniwa na mhandisi André Waterkeyn. Ina urefu wa metre 102, na umbo lake ni la chembe za chuma zilizokuzwa mara bilioni 165. Ilipaswa kusimama miezi sita tu, muda wa maonyesho, kisha ibomolewe. Wabelgiji waliipenda, ikabaki.

Lakini kubaki kuna gharama. Baada ya miaka zaidi ya arobaini, mabati ya aluminiamu yalikuwa yamepoteza mng'ao. Kazi ya kuitengeneza upya ilianza mwaka 2004: aluminiamu ikatolewa, chuma kisichoshika kutu kikawekwa, na taa za LED zikafungwa juu ya mipira. Vipande vya mabati ya zamani viliuzwa kwa watu kama kumbukumbu, kipande kimoja euro 1000, ili kusaidia kulipia kazi. Tarehe 18 Februari 2006 milango ilifunguliwa tena.

Kuchagua LED kulikuwa na sababu za wazi. Taa hizo zinakula umeme kidogo sana kuliko balbu za zamani na zinadumu maelfu mengi ya saa, jambo kubwa pale ambapo kubadilisha taa moja kunataka fundi apande karibu metre mia moja. Tena zinaongozwa kwa kompyuta, moja moja, kwa hiyo zinaweza kuchora mwendo. Na mwendo uliochaguliwa una maana: unakumbusha elektroni zinazozunguka kiini cha atomu, wazo lilelile la mwaka 1958.

Hapo ndipo Katanga inapoingia. Mwaka 1958 Ubelgiji haikuwa inchi ndogo katika mambo ya atomu, na sababu yake ilikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Madini ya uranium ya huko yalikuwa tajiri kuliko karibu yote yaliyojulikana duniani. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1000. Marekani iliyanunua, na sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika udongo huo. Baada ya vita Ubelgiji ilipata, kwa sababu ya uranium ya Congo, msaada wa Marekani katika elimu ya nyuklia. Kinu chake cha kwanza, BR1 cha Mol, kiliwaka mwaka 1956. Miaka miwili baadaye Atomium ikasimama.

Wakongomani wenyewe walikuwa palepale Heysel. Karibu watu 600 waliletwa kwa ajili ya sehemu ya koloni. Baadhi yao, mafundi wa kazi za mikono, waliwekwa nyuma ya ua katika kilichoitwa kijiji cha Kiafrika, na kuna wageni waliowatupia ndizi na karanga. Mwezi wa Julai mafundi hao walichoka na kudharauliwa, wakarudi kwao. Kijiji kikabaki kitupu, na maonyesho yakaendelea mpaka Oktoba.

Mtu anaweza kusema kwamba Atomium inaonyesha chuma, si uranium, na kwamba taa zake ni pambo la kuvuta watalii. Ni kweli. Tena Ubelgiji ilijenga Léopoldville, mwaka 1959, kinu cha kwanza cha nyuklia cha Afrika. Hakuna sababu ya kudai taa zizimwe. Ila taa inaonyesha kile ambacho mwenye taa anataka kionekane, na hapa kilichochaguliwa ni ndoto ya atomu bila mahali ilipochimbwa.

Mwaka 2004 unaeleza jambo hilo kuliko maneno. Wakati mafundi wanaanza kazi Atomium, Shinkolobwe ilikuwa inafungwa. Kabla ya uhuru Union Minière ilikuwa imeziba mgodi kwa saruji, lakini wachimbaji wa kienyeji waliurudia kutafuta cobalt. Januari 2004 rais Joseph Kabila alitia sahihi amri ya kuufunga. Julai ardhi iliporomoka na kuua watu. Kwa hiyo mwaka uleule, kumbukumbu moja ya zama za atomu ilipata mamilioni ya euro, na nyingine ilipata amri na makaburi.

Ubelgiji imeanza kusema. Tarehe 30 Juni 2020 mfalme Philippe aliandika majuto yake kwa rais Félix Tshisekedi, na Juni 2022 aliyarudia mbele ya Wakongomani, akifika mpaka Lubumbashi. Lakini Desemba 2022 kamati ya bunge juu ya ukoloni ilivunjika, kwa sababu vyama havikukubaliana juu ya kuomba msamaha. Kuomba msamaha kunaogopwa kwa sababu kunaweza kufuatwa na madai ya kulipwa. Kuandika jina la Shinkolobwe chini ya mnara unaowaka kila usiku kungegharimu kidogo kuliko vipande vichache vya mabati yale.

Kinshasa nayo haiwezi kukaa pembeni. Union Minière ilitaifishwa tangu mwisho wa mwaka 1966, na mgodi uko mikononi mwa taifa. Kusafisha mahali hapo, kuulinda na kupima afya ya wakaaji wa jirani ni kazi yake kwanza. Na katika inchi ambamo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme nyumbani, mtoto wa Likasi ana haki ya kujua kwamba mwanga ule wa Bruxelles unasherehekea kitu kilichopita chini ya miguu ya babu yake. Leo, akitaka kuusikia ukweli huo, ni lazima akutane na mzee anayeukumbuka.