Tunyonye Mashimo Yetu Kabla ya Mvua

Ndugu wananchi wa Jinja na Mbale, miji yetu ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, lakini wengi wetu bado hatujafikiwa na mabomba ya majitaka. Kinyesi chetu kinabaki uani, katika choo cha shimo au tangi la chini, na hatukishughulikii mpaka kifurike. Nawaomba tubadili jambo moja: mashimo haya yanyonywe kwa zamu ya mtaa mzima, wakati wa kiangazi, kabla hayajajaa. Mbale iko chini ya Mlima Elgon, na mafuriko ya mito ya Nabuyonga na Namatala mwishoni mwa Julai 2022 yaliua watu. Maji ya namna hiyo yakiingia chooni hutoka na kila kilichomo, yakaenda kwa jirani aliyetunza choo chake sawasawa na kwa yule asiyekitunza. Kwa watu wa Jinja, mteremko unaishia katika ziwa lile lile tunalokunywa maji yake.

Kungoja shimo lijae kuna hasara nyingine. Tope la chooni likiwa bado laini, gari la kunyonya hulivuta bila taabu. Likikaa miaka mingi hushikamana, na matambara, chupa za plastiki na pedi tulizotupa humo huziba mpira. Hapo ndipo kijana maskini huambiwa ashuke na ndoo, ilhali gesi ya shimoni inaweza kumwangusha na kumuua kabla hajapiga kelele. Hakuna choo chenye thamani ya uhai wake. Tope analolitoa mara nyingi humwagwa usiku mtaroni au kinamasini, na mayai ya minyoo yaliyomo hudumu miezi mingi, hata katika bonde la Namatala ambako watu wanalima mpunga. Pa kulipeleka papo: mabwawa ya kusafishia majitaka ya Kirinya kwa Jinja, na ya Namatala na Doko kwa Mbale.

Najua mtasema gari ni ghali. Ni kweli kwa mpangaji mmoja, lakini sehemu kubwa ya gharama ni safari yenyewe, na gari moja laweza kuhudumia mashimo madogo kadhaa kabla ya kurudi. Vikundi vyetu vya akiba vimelipa karo na mazishi. Haviwezi kushindwa na hili. Wengine watasema ni kazi ya mwenye nyumba. Naam, na abanwe alipe sehemu yake, ila kipindupindu hakingoji kesi iishe. Kuchimba shimo jingine? Viwanja vimebana, na lile la zamani linaendelea kuvuja ardhini. Dawa za kumwaga chooni nazo haziondoi tope, na zile kali huua vijidudu vinavyolisaga.

Kila mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) aitishe kikao kabla ya Desemba, orodha ya vyoo iandikwe, njia ya gari ipimwe, na michango ianze kukusanywa. Siku ya bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, tunapozibua mitaro, tutenge pia saa moja ya kukagua nyufa za vyoo na kuweka pipa la taka kando ya kila mlango. Dereva aulizwe mbele ya watu anakwenda kumwaga wapi, na asilipwe chote mpaka alete risiti ya bwawani.