Wazimu Barazani na Wazimu Kortini

Siku moja ya mwaka 2024, katika baraza moja la Miritini, karibu na stesheni ya gari moshi iliyofunguliwa mwaka 2017, mzee mwenye shamba la minazi na mihogo alikuwa akibishana na jirani yake, karani wa bandarini. Jambo lenyewe lilikuwa kesi ya Shakahola. Mzee alishikilia neno moja tu: "Mwanangu, wale wote ni wendawazimu. Mzazi mwenye akili zake hawezi kumnyima mwanawe chakula mpaka afe." Karani akamjibu kwa adabu, "Lakini mzee, wakiwa wote ni wendawazimu, basi hakuna wa kuadhibiwa." Mzee akanyamaza. Alikuwa na mpwa wake aliyeingia katika msitu ule na hakurudi.

Kunyamaza kule kwataka kufikiriwa. Barazani neno "wazimu" hutumiwa kwa mlevi, kwa mwizi wa kuku, hata kwa bwana harusi aliyekopa kupita kiasi. Kortini lina mpaka. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humhesabu kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitike vingine. Kifungu cha 12 humwondolea lawama yule tu ambaye, kwa sababu ya maradhi ya akili, hakuweza kufahamu alilokuwa akilitenda, au hakuweza kujua kwamba halimpasi kulitenda. Kuamini jambo la ajabu si maradhi. Kumfuata kiongozi mpaka ukingoni mwa kaburi si maradhi pia, ingawa ni msiba mkubwa.

Mpaka huo una asili yake Uingereza. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimwua kwa bastola katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akidhani ndiye Peel mwenyewe. Korti ilimwona kuwa ni mwendawazimu, watu wakakasirika mno, ndipo Malodi wakawauliza majaji waeleze sheria yasemaje. Majibu yao ndiyo yaliyoenea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza.

Walakini liko swali jingine, nalo huchanganywa na lile la kwanza. Mbali na hali ya akili ya mtu alipotenda, korti yataka kujua hali yake siku anaposimama kizimbani: je, aelewa mashtaka, aweza kujitetea? Ndiyo maana Januari 2024 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru mhubiri Paul Mackenzie na wenzake wapimwe akili kabla ya kujibu mashtaka ya kuua watoto 191. Wengi walinung'unika wakidhani kwamba mlango wa kutorokea unafunguliwa. Sivyo ilivyokuwa. Februari walisomewa mashtaka, wakakana. Mmoja peke yake ndiye aliyeonekana hafai kujibu wakati ule, akatengwa. Kipimo kile kile kilichowapeleka wengine kizimbani ndicho kilichomzuia huyo, na hapo ndipo haki ilipoonekana.

Wanorwei walipitia njia hii kwa uchungu. Tarehe 22 Julai 2011 Anders Breivik aliua watu 77. Madaktari wa kwanza walisema ana maradhi ya akili. Wa pili wakasema hana. Wengi wa waliofiwa hawakutaka aitwe mgonjwa, kwa maana matendo yake yangegeuka kuwa kama ajali. Agosti 2012 korti iliamua kwamba ana akili timamu, ikampa kifungo cha miaka 21 kinachoweza kuongezwa maadamu ni hatari.

Na adhabu nayo haifai kugawanywa kama sukari ya mgawo, kila mtu kibaba kimoja. Katika kesi ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa tarehe 2 Aprili 2015, mshtakiwa mmoja alifungwa maisha mwaka 2019, wawili miaka 41 kila mmoja, na mwingine aliachiliwa. Aidha, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2017 kwamba hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji isiwe ya lazima, bali jaji asikilize kwanza habari za mtu mwenyewe.

Hao wanaoonekana kuwa wagonjwa kweli hawaendi nyumbani. Zamani walizuiliwa "kwa mapenzi ya Rais", bila kujua mwisho wake, na wengine walizeeka Mathari au gerezani wakingoja barua. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema jambo hilo halipatani na Katiba. Kumwita kila mwovu kichaa ni kuwaonea hao, na kuwaonea pia wagonjwa wanaotibiwa Port Reitz, ambao wengi wao hawajamdhuru mtu.

Yote hayo karani alimweleza mzee mpaka chai ikapoa. Mzee hakusema kwamba ameridhika. Aliuliza mashtaka ya ugaidi yasikizwa wapi. "Shanzu, mzee." Akauliza kama mtu asiyeitwa aweza kuingia. Karani akasema aweza, almradi akae kimya. Mzee akasimama akakung'uta kikoi chake, akasema akimaliza kupalilia mihogo atakwenda akaketi kiti cha nyuma asikilize.