Barua kutoka London: Matatu za mwaka 1922

Ndugu zangu wa Nairobi,

Kila nikipiga simu nyumbani nasikia mshangao uleule: eti mabasi ya huku yana nidhamu kwa kuwa Wazungu ndivyo walivyo. Sivyo. London nayo iliwahi kuwa na matatu zake.

Agosti 1922, Arthur Partridge alitoa basi lake barabarani, Chocolate Express, kushindana na kampuni kubwa ya London General. Muda si muda mamia ya mabasi ya watu binafsi yakafuata. Wenyeji waliyaita ya maharamia. Yalikimbizana kugombea abiria, yaligeuza katikati ya safari yakiona umati uko upande wa pili, na barabara zisizo na watu hayakuzikanyaga. Mtu wa Eastleigh angejiona yuko kwao! Sheria ya 1924 ikaanza kuyabana, na mwaka 1933 mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi zikakabidhiwa shirika moja la umma.

Leo mabasi mekundu mnayoyaona pichani yanaendeshwa na kampuni binafsi, lakini ruti, ratiba na nauli vinapangwa na Transport for London. Mwaka 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75, na ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Pesa hiyo haiingii mfukoni mwa kampuni. Kampuni inalipwa kwa mkataba wa kuendesha ruti, na abiria wakisubirishwa kupita kiasi, malipo yanapungua. Dereva anyang'anyane abiria na mwenzake kwa faida gani? Tofauti na dereva wa matatu, hana pesa ya siku ya kumpelekea mwenye gari.

Kampuni ya mabasi ya Stagecoach mnaikumbuka. Iliinunua Kenya Bus mwaka 1991, ikamenyana na matatu, mwaka 1998 ikauza ikaenda zake. Kampuni hiyohiyo iliingia kwenye mabasi ya London mwaka 1994, na hadi sasa nayapanda mabasi yake. Huku haikuachiwa kugombania watu steji.

Waingereza wenyewe walijisahau. Mwaka 1986 serikali ya Thatcher iliyaachia soko huria mabasi ya nje ya London. Manchester ikajaa mabasi yaliyosongamana kwenye ruti zenye pesa, mitaa mingine ikakosa. Mji huo ulimaliza kuyarudisha yote chini ya mamlaka yake Januari 2025, karibu miaka arobaini baadaye.

Huko nyumbani, sheria za matatu za waziri Michuki za 2004 zilitufunga mikanda na kupunguza mwendo, jambo jema, ila namna dereva anavyopata riziki yake haikuguswa. NaMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na viunga vyake, ipo tangu 2017, nayo bado haijaligusa hilo. Akija mgombea kuomba kura steji, msihangaike kumwuliza kama mabasi yajayo yatakuwa ya umeme. Mwulizeni: dereva atalipwa kwa safari, au kwa vichwa?

Ni mimi ndugu yenu,
Peckham, London